Ree Mbili Mkononi: Poka ya Madau Madogo kwa Mcheza Karata wa Pongwe

Mtu aliyelelewa na karata za barazani akikaa kucheza poka kwa mara ya kwanza hashindwi na hesabu. Kwenye wahedi wa sitini amezoea kukumbuka turufu ngapi zimeshatoka, ree ipi bado imo mikononi mwa watu, na upande wake umebakiza hesabu ngapi kufika 61. Kichwa anacho. Kinachomwangusha ni mazoea. Amefundishwa tangu mdogo kwamba karata kubwa hufichwa: ree unaikalia kimya, unatupa garasa moja baada ya jingine, unangoja mpaka mwenzio alete saba yake, ndipo uiangushe kwa kishindo hadi vikombe vya kahawa viruke. Poka ya madau madogo inaadhibu tabia hiyo kuliko kosa jingine lolote.

Mwongozo huu ni wako kama umejifunza poka kwenye simu, au umefundishwa na jamaa aliyerudi kutoka Dar, na sasa unataka kuicheza na wenzako hapa Pongwe, jioni, zamu ya kiwanda cha saruji ikishatoka na malori ya barabara ya Segera yakishapungua. Nitazungumzia aina moja tu ya mchezo, ile ya kikomo, ambayo dau lake haliwezi kuzidi kiasi mlichokubaliana. Na humo nitakaa zaidi kwenye jambo moja: umepewa karata mbili nzuri, ufanye nini.

Karata za poka ninazosema ni zile za Texas. Kila mtu hupewa mbili za siri. Kisha hufunguliwa tatu mezani kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano, nazo ni za wote. Mwenye tano bora kati ya hizo saba ndiye anayezoa fungu.

Ngazi ya zamani iache nyumbani

Kabla ya mbinu yoyote, kuna mtego wa karata zenyewe. Katika wahedi wa sitini ree ina hesabu 11, saba ina 10, mzungu wa nne ana 4, mzungu wa tatu ana 3 na mzungu wa pili ana 2. Jumla pakiti nzima ni 120. Nane, tisa na kumi hazimo hata mchezoni. Mtu aliyecheza hivyo miaka ishirini akiona ree na saba za turufu mkononi moyo unamdunda, maana ameshashika hesabu 21 kabla mchezo haujaanza.

Kwenye poka, saba ni karata ya chini. Inapigwa na nane, tisa na kumi, ambazo hapa zimerudi kundini. Mzungu wa pili, yule ambaye vijana humwita kwini, humpiga mzungu wa tatu, yaani jeki. Kule barazani ni kinyume chake. Turufu hakuna kabisa: kopa, uru, shupaza na pau ni sawasawa, hakuna inayoipiga nyingine. Na huna mwenzako wa kumpakulia hesabu anapokula mkono. Kila aliyekaa mezani, hata yule mnayetoka naye msikitini, kwa dakika hizo ni mpinzani.

Nimeona watu makini wakipoteza njiti zote jioni nzima kwa sababu jicho lao bado linaipenda saba. Ree na saba kwenye poka ni karata ya kumtia mtu hasara polepole. Ree nyingine ikifunguka mezani utafurahi, utalipa mpaka mwisho, kisha mwenye ree na mzungu wa nne atakuonyesha yake. Nyote mna jozi ya ree, lakini karata yake ya pili inaizidi yako. Ree na mzungu wa nne huishinda ree na saba karibu mara 3 kati ya 4.

Mnavyoweka madau

Chukueni njiti za kiberiti za kutosha. Kila mtu ahesabiwe njiti 60. Aliye kushoto kwa mgawaji anaweka njiti 1 kabla ya kuona karata, wa pili wake anaweka 2. Hayo ni madau ya lazima, na bila hayo watu wangekaa kungoja ree mpaka alfajiri. Katika mizunguko miwili ya kwanza, yaani kabla ya karata za mezani na baada ya zile tatu, dau ni njiti 2, na anayepandisha hupandisha kwa 2. Mizunguko miwili ya mwisho, dau ni 4 na kupandisha ni kwa 4. Katika kila mzunguko, dau la kwanza likishawekwa linaweza kupandishwa mara tatu tu, basi. Hicho ndicho kikomo.

Kikomo hiki kinabadilisha kila kitu, na ndiyo sababu zile video za mashindano ya Las Vegas, yaliyoanza mwaka 1970, hazikusaidii sana hapa. Pale unamwona mtu anasukuma kila alichonacho katikati na mwenzake anakimbia. Kwenye poka ya kikomo huwezi kumfukuza mtu. Njiti 2 hazimtishi anayejua kwamba mezani tayari ziko 20. Atafuata. Fundi rangi atafuata, dereva wa lori atafuata, na yule kijana anayesema kila mara kwamba anahisi kulamba dume atafuata akiwa na garasa mbili za aina tofauti. Usikasirike nao. Hao ndio wanaokulisha.

Pandisha, usikalie

Sasa umepewa ree mbili. Uwezekano wa kupewa jozi hiyo ni mara 1 kati ya 221. Hata ukijumlisha jozi ya ree, ya mzungu wa nne, ya mzungu wa pili na ya mzungu wa tatu, kisha ukaongeza ree pamoja na mzungu wa nne, utakutana na moja ya hizo takriban mara 1 tu kati ya 33. Kwa mwendo wa watu sita wanaopiga soga huku wakicheza, hiyo ni mara chache mno kwa saa. Ndiyo maana kuzipoteza kwa kunyamaza ni hasara.

Mcheza wahedi wa sitini hapa hufanya nini? Anafuata kimyakimya kwa njiti 2, uso mkavu, akiwaza kwamba amewatega. Lakini fikiria hesabu. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja aliyeshika karata zozote hushinda kama mara 85 kati ya 100. Dhidi ya watu watano, hushinda kama mara 49 tu. Wengi wakisikia hivyo husema: kumbe watu wengi ni hatari, heri ninyamaze nisipoteze vingi. Hapo ndipo wanapokosea.

Chukua njiti 2 za mzunguko wa kwanza. Mkiwa wawili, fungu ni njiti 4. Fungu lako la haki, kwa wastani, ni 3.4. Umetoa 2, umepata faida ya 1.4. Mkiwa sita na wote wamefuata, fungu ni njiti 12, na wewe ukishinda mara 49 kati ya 100 sehemu yako kwa wastani ni karibu 5.9. Umetoa 2, faida yako ni 3.9. Unashindwa zaidi ya nusu ya mara zote na bado unapata karibu mara tatu ya faida ya kwanza. Kila njiti anayoongeza mtu mwenye garasa, sehemu kubwa yake ni yako. Kwa hiyo dai njiti zaidi. Pandisha. Akipandisha mwingine, pandisha tena mpaka mfike kikomo.

Na uso wako? Pandisha kwa uso uleule unaotumia siku zote. Kwenye meza ya njiti hakuna haja ya maigizo, kwa sababu wengi hawasomi uso wako wala dau lako. Wanasoma karata zao tu. Ukipandisha kila mara kwa mwendo ule ule, hata wale wawili watatu wanaosoma hawatapata la kusoma.

Kuna ushahidi wa mbali unaounga mkono jambo hili. Mwezi wa Januari 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada walitangaza katika jarida la Science kwamba programu yao, Cepheus, imeufumbua mchezo huu wa kikomo kwa watu wawili, kiasi kwamba mtu angecheza nayo maisha yake yote asione mwanya wa maana wa kuishinda. Programu hiyo ikiwa ya kwanza kuamua, karibu haiingii mchezoni kwa kufuata kimya. Ama inapandisha, ama inaacha. Meza ya watu sita ya Pongwe si meza ya watu wawili, na hakuna aliyeifumbua, lakini msimamo huo wa pandisha au acha ni dawa nzuri kwa mtu mwenye ugonjwa wa kukalia ree.

Mkono mmoja, hatua kwa hatua

Tuseme mko sita. Wewe unakaa wa tano, kabla ya mgawaji. Una ree ya kopa na ree ya shupaza. Wa tatu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anafuata kwa 2. Wa nne, dereva, anafuata. Wewe unapandisha hadi 4. Mgawaji anafuata kwa 4. Aliyeweka njiti 1 ya lazima anaacha, anaipoteza. Aliyeweka 2 anaongeza 2, na wale wawili wa mwanzo nao wanaongeza. Mmebaki watano, fungu lina njiti 21. Moja kati ya hizo ni ya yule aliyeacha.

Zinafunguliwa tatu: tisa ya uru, saba ya uru, tatu ya pau. Aliyeweka 2 za lazima anapita. Mwenye duka anapita. Dereva anaweka 2. Wewe? Wengi hapa hufuata tu, wakihofia uru mbili zile. Pandisha hadi 4. Dereva pengine ana jozi ya tisa. Mgawaji anaacha, aliyeweka 2 za lazima naye anaacha, mwenye duka anafuata kwa 4, dereva anaongeza 2. Fungu limefika 33.

Mwenye duka amelipa njiti 4 bila kusita. Huyo huenda ana uru mbili na anangoja ya tano. Na hakukosea. Karata 9 za uru zimebaki kati ya 47 asizoziona, yaani anaipata kwenye karata inayofuata karibu mara 1 kati ya 5, naye ameombwa 4 wakati mezani zilikuwapo 27. Kwenye mchezo wa kikomo kuna nyakati ambazo wewe uko sawa kudai na yeye yuko sawa kulipa. Wote wawili mnakula kwa dereva, aliyekwama katikati na jozi yake ya tisa.

Ya nne ni mzungu wa pili wa pau. Wote wawili wanapita. Weka 4. Huu ndio mzunguko ambao dau linakuwa kubwa, na kupita hapa ni kumpa mwenye duka nafasi ya bure ambayo angeilipia kwa hiari. Wote wawili wanafuata. Fungu ni njiti 45.

Ya tano ni nne ya uru. Mwenye duka, aliyekuwa akipita muda wote, sasa anaweka 4 kabla hujasema neno. Dereva anaacha. Fungu ni 49, unaombwa 4. Hapa usipandishe, lakini pia usiache kwa hasira. Ukilipa 4 ili kupata fungu litakalofika 53, unahitaji kushinda mara 1 tu kati ya 13 au 14 ili usipate hasara. Je, mwenye duka anaweza kuweka dau bila uru, labda kwa jozi mbili alizodhani zinatosha, au kwa jozi ya mzungu wa pili na matumaini, mara moja kati ya kumi na tatu? Kwenye meza hizi, naam. Fuata, angalia, ukishindwa sema "haya" na ungoje karata zifuatazo.

Lakini badilisha kitu kimoja: baada ya mwenye duka kuweka 4, dereva badala ya kuacha anapandisha hadi 8. Sasa watu wawili wanakwambia wana kitu kikubwa, na ree zako mbili ni jozi moja tu. Zitupe. Kuzitupa ree baada ya kuzipandisha mara zote kunauma, hasa kwa aliyefundishwa kwamba ree haitupwi. Kwenye poka ree mbili ni bora wakati wa kuanza, na thamani yake hupungua kila karata inapofunguka mezani.

Jozi nyingine na yale mapacha ya udanganyifu

Jozi ya mzungu wa nne ichezwe kama ree, ukiwa na jicho moja kwenye karata tatu za kwanza. Ree hufunguka kati ya hizo tatu karibu mara 23 kati ya 100. Jozi ya mzungu wa pili hukutana na karata iliyo juu yake mara 41 kati ya 100. Jozi ya mzungu wa tatu mara 57. Yaani ukiwa na jeki mbili, tegemea zaidi ya nusu ya nyakati kuona mezani kitu kinachokuzidi. Hii haimaanishi usipandishe mwanzoni. Pandisha. Maana yake ni kwamba ikifunguka ree pamoja na mzungu wa nne, watu wanne wamo, na mmoja anaweka dau huku mwingine anapandisha, usibaki eti kwa sababu ulianza vizuri.

Ree na mzungu wa nne wasio jozi huwachanganya wengi. Ni mkono mzuri sana, lakini bado haujawa kitu. Utapata ree au mzungu wa nne kati ya karata tatu za kwanza kama mara 1 tu kati ya 3. Ukikosa na mko watu wanne au watano ndani, pita, na dau likija acha. Ukipata, weka dau kila mzunguko, kwa sababu watu wenye ree na garasa watakulipa mpaka mwisho, na wewe ndiye mwenye karata kubwa ya pembeni. Hapa ndipo mwenye ree na saba anapokulipa ada ya shule.

Jozi ndogo, kama tano mbili au sita mbili, ni za kuvizia. Utapata ya tatu yake kwenye zile tatu za kwanza mara 1 kati ya 8 au 9. Ingia kama watu wengi wameshaingia kwa bei ndogo, ukikosa ondoka bila maneno. Ukipata, fungu litakuwa nono, maana hakuna atakayedhani una tano tatu.

Karata mbili za aina moja humvutia kila mtu. Kopa mbili zinapendeza mkononi, lakini kupata kopa tano kamili kwenye zile tatu za kwanza ni chini ya mara 1 kati ya 100. Kuwa za aina moja ni nyongeza ndogo juu ya karata ambazo tayari ni nzuri. Hakuigeuzi garasa kuwa kitu. Mzungu wa nne na kumi za kopa, sawa, hasa kama unakaa karibu na mgawaji. Mzungu wa nne na tatu za kopa, tupa.

Mahali unapokaa

Mgawaji huamua wa mwisho katika mizunguko yote baada ya karata kufunguka, naye ana faida ya kuona wenzake wamefanya nini. Hata ile programu ya Alberta ilionyesha kwamba kwenye mchezo wa watu wawili mwenye nafasi ya mgawaji ana faida. Kwa hiyo ukiwa wa kwanza kuamua, cheza mikono michache na mikubwa. Ukiwa mwisho unaweza kulegeza kidogo. Mikono ya juu kabisa haihitaji kiti kizuri: popote ulipo, pandisha.

Kitu ambacho kiti kinakusaidia sana ni kujua nani amepandisha. Kuna mzee kwenye kila meza ambaye hapandishi ila ana jozi kubwa au ana tatu. Akipandisha yeye karata zikishafunguka, jozi yako ya jeki imezeeka. Na kuna kijana anayepandisha kwa sababu timu yake imeshinda. Huyo mfuate, na ukiwa na ree au mzungu wa nne wawili, mpandishie. Kuyajua haya kunakupa njiti nyingi kuliko kukariri majedwali ya mikono yaliyosambaa mtandaoni.

Kuhusu kupoteza

Ukicheza hivi utashindwa na ree mbili mara nyingi. Utashindwa na aliyeshika tatu na nane aliyesema "niliona tu". Ukianza kumlaumu mezani utamfundisha kuacha, na ukimfundisha kuacha umejifungia riziki. Mwambie amecheza vizuri. Kisha usianze kuzikalia ree mara ijayo kwa uchungu. Hesabu ya zile njiti 3.9 haijabadilika kwa sababu ya jioni moja, wala mwezi mmoja. Karata hazikumbuki.

Nimesema njiti, na nazungumzia njiti kweli. Wengi wetu hapa ni Waislamu na Sura ya Al-Maida, aya ya 90, inaitaja kamari sambamba na ulevi. Mashekhe wengi watakwambia hata aliyeshindwa kuwanunulia wote kahawa na kashata ni kamari ile ile. Hilo ulimalize wewe na dhamiri yako. La serikali liko wazi zaidi: Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ndiyo iliyoweka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, na anayegeuza kibaraza chake kuwa mahali pa watu kucheza kwa fedha bila leseni anajitafutia kesi. Wenye umri chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kabisa kwenye michezo ya fedha. Njiti hazimfilisi mtu, hazimlazimu fundi kuuza msumeno wake, na zinafundisha hesabu ile ile.

Kwa hiyo mkutano wa kwanza, wape wenzako ngazi mpya ya karata imeandikwa kwenye kipande cha boksi la saruji, ree juu kabisa, kisha mzungu wa nne, wa pili, wa tatu, kumi, tisa, nane, na saba pale inapostahili. Kubalianeni kikomo na idadi ya kupandisha kabla karata hazijachangwa, kwa sababu ubishi wa katikati ya mchezo ndio huvunja meza. Na siku utakapofunua pembe za karata zako ukaona ree mbili, usiseme neno na usifuate kimya: weka njiti 4.